Mjini Moshi wa kujitolea kwa yatima wamejaa, wa kukaa na wazee waliopoteza kumbukumbu wako wapi?

#1 Mwana Kiboriloni
Wakuu salaam.

Kaa karibu na stendi ya Moshi asubuhi yoyote utawaona vijana wa Kizungu na mabegi yao wanasubiri gari la kuwapeleka vituo vya watoto. Rangi, mipira, picha nyingi. Si vibaya. Lakini mtaa huohuo, nyuma ya geti jeusi, kuna bibi wa miaka themanini na ushee. Watoto wote wako Dar na Mwanza. Anashinda na dada wa kazi, na dada wa kazi anashinda na simu. Bibi anauliza kutwa nzima kama mama yake amesharudi sokoni, wakati huyo mama alizikwa kabla ya uhuru.

Kwetu kanisani walitangaza wanatafuta watu wa kwenda kukaa na wazee wa namna hii, wenye dimensia, yaani ugonjwa wa ubongo unaoondoa kumbukumbu. Mara moja kwa wiki, kwa muda wa saa mbili, bila malipo. Si kuogesha wala kulisha, ni kukaa na kupiga soga. Waliojitokeza wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na mwanaume ni mimi peke yangu.

Sisi Wachagga tunajenga majumba ya vigae kihambani, kwenye shamba la ukoo, kwa ajili ya siku kumi za Krismasi, halafu mzee aliyemo ndani tunamwachia mlinzi. Kwa nini kazi hii haina mtu? Karibuni, matusi hapana.

#2 Jicho la Rombo
Nimewahi siti ya mbele. Uzi huu utawaka.

#3 Meku Asilia
Mleta mada umeanza kwa kutusimanga Wachagga, ila nitakujibu. Sababu ni moja tu: shamba.

Nenda kwa mzee asiye ndugu yako Jumamosi mbili tatu mfululizo, ya nne utakuta kikao cha ukoo kinakusubiri. Uru kwetu kuna jamaa alikuwa na roho nzuri kweli, anapita kumsomea babu mmoja gazeti. Yule babu alikuwa ameshapotea kabisa, anamwita kwa jina la mdogo wake aliyefariki. Watoto wakasikia kwamba baba "ameanza kumwita mtu baki mdogo wangu". Walishuka kutoka Dar usiku, na neno la kwanza walilouliza ni hati iko wapi. Jamaa hajakanyaga tena pale, na simlaumu. Mzee ambaye dole gumba lake linaweza kuwekwa wino bila yeye kujua anaweka nini, ukionekana naye sana unajitafutia kesi.

#4 Mama Wawili Kijenge
Meku shamba ni sehemu tu. Kubwa ni aibu. Mimi ni mkamwana, naishi na mama mkwe Arusha, mume yuko mgodini. Mama alikuwa mtu wa watu, kiongozi wa kina mama usharikani. Alipoanza kuficha chakula chini ya godoro na kunituhumu namwibia vitenge, mawifi waliniambia nisimruhusu mgeni aingie ndani "asije akaenda kusema". Kwa hiyo kila anayebisha hodi anaambiwa mama amelala. Mtu wa kujitolea atamfikiaje mzee ambaye kwa majirani amelala tangu mwaka juzi?

#5 Chalii wa Ngarenaro
Mnazunguka mbuyu arifu. Bibi yetu alikuwa mwalimu, anajua majina ya wanafunzi wa darasa zima. Kaanza kugombana na jirani kuhusu mpaka, jirani kang'oa masale, ile mimea ya kuweka mpaka, na mwezi haukupita bibi hajui hata njia ya chooni. Niambieni hiyo ni nini. Watu wanaogopa kukaa na wazee hawa kwa sababu wanajua kuna mkono wa mtu, na ukikaa karibu unaweza ukaambukizwa.

Halafu hii dimensia mnayoitaja ni ya Wazungu. Babu zetu walifika miaka mia wakiwa na akili timamu.

#6 Nesi Mstaafu
Habarini wanangu. Chalii, umeniamsha.

Ugonjwa wa Wazungu? Mwaka 2010 watafiti walipita vijiji vya wilaya ya Hai, hapo Boma Ng'ombe na kwenda juu. Waliwaona watu 1,198 wenye miaka 70 na zaidi. Baada ya hesabu za umri kusawazishwa, waliokuwa na dimensia walikuwa asilimia 6.4. Yaani wazee mia wa umri huo wakikaa kanisani, kama sita hivi wanao, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba huo ni ugonjwa.

Kazi ya Hai ndiyo ilileta kipimo kinachofaa watu wasiosoma. Humwambii bibi achore saa wakati hajawahi kushika kalamu. Moja ya majaribio unapanga njiti za kiberiti kwa umbo fulani, unamwomba apange kama ulivyopanga wewe. Kila mtu kijijini anajua njiti.

Sasa kuhusu bibi yako kupotea ndani ya mwezi mmoja. Akili ya mzee ikibadilika ghafla, kwa siku au wiki chache, hiyo ni safari ya hospitali, tena haraka. Inaweza kuwa maambukizi ya mkojo, kichomi, malaria, sukari imeshuka, kiharusi kidogo, damu imevujia kichwani baada ya kuanguka. Dimensia ya kawaida, ile ya Alzheimer, huja polepole kwa miaka. Wengine wanapimwa wanakutwa na tatizo la tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12, kaswende ya zamani au VVU. Baadhi ya haya yanatibika. Mlimpeleka?

#7 Chalii wa Ngarenaro
Shikamoo Nesi. Alipelekwa kwenye maombi.

#8 Nesi Mstaafu
Marahaba. Maombi na maabara havigombani mwanangu.

#9 Jicho la Rombo
😂😂 Chalii kapigwa sindano bila ganzi.

#10 Mjomba wa Tengeru
Mimi nimekuwa nikifanya hii kazi kwa muda kupitia jumuiya yetu, kwa hiyo niongeze nyama kwenye #1.

Watu hawaji kwa sababu wanadhani ni kazi ya kumkumbusha mzee. Wanafika wanaanza mtihani: "Babu, mimi nani? Leo siku gani? Umekula nini asubuhi?" Babu anashindwa, anaona aibu, anakuwa mkali. Mgeni naye anaondoka anasema mzee ni mbishi.

Ingia kwa shikamoo, sema jina lako na ukoo wako wewe mwenyewe, usimwachie kazi ya kubahatisha. Keti anapokuona usoni, si nyuma wala kwenye mwanga wa dirisha. Zima redio. Swali moja kwa wakati, kisha nyamaza. Kimya chake ni kirefu kuliko chetu, ukikijaza kwa maneno unamchanganya.

Halafu mpe kazi ya mikono. Ninayemtembelea mimi alikuwa mtu wa kahawa. Tulikaa mwezi mzima hatuna la kuongea, mpaka siku moja nikaenda na kahawa mbichi kwenye ungo. Alianza kuchambua mbovu na nzima kwa kasi nisiyoiweza mimi, na huku ananisimulia foleni ya kupima kwenye chama cha msingi, karani aliyekuwa anakanyaga mizani, na siku KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa Kilimanjaro, walipolipa malipo ya pili akanunua baiskeli. Anaamini bado mimi ndiye karani. Basi ndiyo, nakuwa karani. Ananifokea kuhusu kilo, naomba radhi, tunaendelea.

#11 Mbishi wa Njiro
Mjomba, hapo umenichanganya. Huko si kumdanganya mzee? Dini zetu zinasemaje?

#12 Mjomba wa Tengeru
Sijawahi kumwambia mimi ni karani. Ananiita karani, naitika. Akiuliza mke wake yuko wapi, na mke alishafariki, huwa namwambia "hebu niambie alikuwa mpishi wa namna gani". Ukimwambia amekufa anapata msiba mpya kila Jumamosi. Kama unaona ni dhambi, wewe mwambie, kisha ubaki naye anavyolia.

#13 Mswahili wa Leeds
Salamu kutoka kwenye baridi. Huku Uingereza jambo hili lina utaratibu wake. Kabla hujaenda kukaa na mzee wanachunguza rekodi yako polisi, unapewa mafunzo, kuna mratibu wa kumpigia. Chama cha Alzheimer's Society kilianzisha mpango wa Dementia Friends mwaka 2013, na mawazo yake waliyachukua Japani, ambako walishaanza kufundisha raia wa kawaida mwaka 2005: watu wa benki, wenye maduka, hadi watoto wa shule.

Lakini msidhani huku ni peponi. Nimemtembelea mzee anayeishi ghorofani ambaye mtu pekee anayemgusa mkono kwa wiki nzima ni mimi, mgeni kutoka Kibosho. Huko kwetu mzee hata akiwa amepotea akili, kuku wanapita, watoto wanapita, muuza maziwa anamwamkia. Nadhani sababu hamna watu wa kujitolea ni kwamba haikuhitajika. Mtaa wenyewe ulikuwa unafanya hiyo kazi.

#14 Meku Asilia
Mswahili wa Leeds, huo mtaa unaousema uliuacha mwaka gani? Siku hizi kuta zina vipande vya chupa juu na mbwa wawili. Muuza maziwa anaacha chupa getini, pesa inatumwa kwa simu. Hamna anayeamkia mtu.

#15 Mtoto wa Mwika
Nakazia #14. Ila mmesahau LUGHA. Bibi yangu alikuwa anaongea Kiswahili safi, alifanya kazi Tanga ujanani. Sasa hivi Kiswahili kimeondoka chote, kimebaki Kichagga, tena kile cha zamani chenye maneno ambayo hata mama anayatafuta. Kanisa lilimletea binti wa kujitolea mzuri tu, kutoka Dodoma. Wakakaa wanatazamana. Bibi anasema ana kiu, binti anatabasamu.

Wanaoweza kuongea na wazee hawa ni watu wa miaka hamsini kwenda juu. Vijana wetu wakishamaliza salamu ya "shimbonyi" hawana kingine.

#16 Mbishi wa Njiro
Na Kichagga chenyewe kipi? Wa Machame na wa Rombo wanahitaji mkalimani.

#17 Jicho la Rombo
Sisi wa Rombo tunaeleweka vizuri, shida ni masikio yenu.

#18 Nesi Mstaafu
Jicho umesema utani, ila umegusa penyewe. Masikio. Kamisheni ya jarida la kitabibu la Lancet mwaka 2024 ilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya dimensia na yanayoweza kupunguzwa. Kutosikia vizuri limo, presha imo, kisukari, kuumia kichwa, elimu ndogo ya utotoni, na kukosa watu wa kuwa nao pia limo. Nimewaona wazee waliowekwa kwenye kundi la "amepotea" kumbe ni viziwi. Unamuuliza hili anajibu lile, familia inahitimisha. Mtu wa kwanza kugundua mara nyingi ni mgeni, kwa sababu wa nyumbani wameshazoea kupiga kelele.

#19 Simba wa Pasua
Nesi, sasa upweke ndio unaleta ugonjwa au ugonjwa ndio unaleta upweke? Maana dingi wetu alianza kwa kujitenga. Aliacha kwenda kilabuni, akaacha kanisa. Tukadhani amekasirika na sisi. Kusahau kulikuja baadaye.

#20 Nesi Mstaafu
Vyote viwili hutokea, na kwa mtu mmoja huwezi kutenganisha kirahisi. Kujitenga kunaweza kuwa dalili ya mwanzo: mtu anajua maneno yanamkimbia, anaogopa kuumbuka. Inaweza pia kuwa sonona, ambayo kwa wazee hufanana sana na dimensia.

#21 Mangi Duka la Jumla
Mmekwepa pombe makusudi kwa kuwa wengi humu mnakunywa. Wazee wengi waliopotea ukoo wetu ni wanywaji. Gongo imemaliza watu.

#22 Meku Asilia
Gongo sawa. MBEGE USIIGUSE. Mbege ni ndizi na ulezi, ni uji wa watu wazima.

#23 Nesi Mstaafu
Uji wa watu wazima ukinywewa kutwa badala ya chakula unamaliza vitamini B1, na ubongo unaharibika. Nimemaliza.

#24 Mbishi wa Njiro
Ngoja niwe adui wa uzi. Mimi napinga kujitolea kwenyewe. Mleta mada amesema watoto wako Dar, wamejenga nyumba za vigae. Hao si maskini! Wewe unatoka na nauli yako kwenda kukaa bure na mama wa mtu mwenye magari mawili? Mnawapunguzia watu wajibu. Wakijua kanisa linamtuma mtu kila Jumamosi, hata ile simu ya Jumapili wataacha. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 yenyewe inasema familia ndiyo msingi wa matunzo ya mzee. Mkitaka kujitolea nendeni makazi ya serikali ya Njoro, kwa wazee wasio na mtu kabisa.

#25 Simba wa Pasua
Naunga mkono hoja.

#26 Mtoto wa Mwika
Sera inasema familia, sawa, lakini familia ya 2003 na ya leo ni tofauti. Na wajibu bila pesa ni hotuba. Zanzibar mwaka 2016 walianza pensheni ya wazee wote wa miaka 70 na zaidi, shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kuanzia. Kidogo, lakini mzee anakuwa na chake. Huku bara tunaambiwa dirisha la wazee hospitalini. Mzee aliyepotea akili atalifikiaje dirisha?

#27 Mama Wawili Kijenge
Mbishi, nikujibu kwa upole. Wewe unaona saa mbili ni za mzee. Ni za kwangu.

Baada ya kubishana sana na mawifi, mama mmoja wa usharika alianza kuja. Wanaimba tenzi. Mama mkwe hakumbuki jina langu, lakini ubeti wa tatu anaujua wote. Wakati wanaimba mimi naoga bila kuacha mlango wazi. Naenda Kilombero kununua mboga. Siku ya kwanza nilikaa tu kwenye kifodi, daladala letu la Arusha, nikapitiliza kituo changu makusudi. Mume wangu hajalegea kwa sababu ya huyo mama, simu anapiga vilevile. Mawifi hawakuwahi kupiga kabla wala baada.

Usiku ndio mgumu. Ikifika saa kumi na mbili jioni anaanza kufunga mizigo, anataka "kwao". Tunazunguka nyumba mara mbili, tukirudi mlangoni anasema afadhali tumefika. Hakuna mtu wa kujitolea anayekuja saa hiyo.

#28 Jicho la Rombo
Aisee. Pole sana mama.

#29 Dereva Noah Himo
Hilo la kutaka kwao nalijua. Barabarani tunawaokota sana, hasa alfajiri. Kuna mzee nilimkuta karibu na njia ya reli kavaa koti na kofia, ananiambia anawahi treni ya Tanga. Namwambia treni ilikufa, ananiona mjinga. Alikuwa sahihi kuliko mimi maana mwaka uliofuata, 2018, treni ikarudi Moshi!

#30 Mangi Duka la Jumla
Treni ya abiria ilirudi Moshi Desemba 2019, si 2018. Na ilitoka Dar. Nakumbuka kwa sababu ilijaa watu wa Krismasi hadi wengine walikaa juu ya mizigo.

#31 Dereva Noah Himo
Sawa Mangi, 2019. Ujumbe wangu ni kwamba shoneni namba ya simu ndani ya koti la mzee, si kwenye mfuko, mfukoni anatoa. Ningekuwa na namba nisingezunguka naye nusu siku kwa wenyeviti wa mitaa watatu. Kila mwenyekiti ananiangalia kama nimemuiba.

#32 Mwana Kiboriloni
Nilikuwa kazini, nimesoma yote. Asanteni.

Meku, la shamba nimelichukua. Kwetu tumekubaliana tunaenda wawili wawili, mwenyekiti wa mtaa ana majina yetu, na mtoto mmoja wa mzee anapigiwa simu kabla ya mara ya kwanza. Hatupokei zawadi, hata mkungu wa ndizi. Karatasi ikitokea mezani tunasimama tunaondoka.

Mbishi, Njoro kuna wageni kila Pasaka na Krismasi, na mchele na sabuni. Kwa bibi mwenye geti jeusi hakuna anayeingia, kwa sababu kila mtu anafikiri kama wewe, kwamba ana watoto.

Ila bado sijapata jibu la kwa nini mwanaume niko peke yangu.

#33 Mtoto wa Mwika
Kwa sababu mwanaume akionekana saa nne asubuhi amekaa barazani na bibi wanachambua maharage, jioni anaulizwa amefukuzwa kazi lini.

#34 Meku Asilia
Na wazee wa kiume ndio wanaotaka wanaume wenzao. Baba mdogo hakubali dada amguse bega, anamwambia "wewe ni mtoto wa nani?" Akimwona mwanaume mtu mzima anamkaribisha, anamuuliza kama Mangi Mkuu, mtawala wa Wachagga enzi hizo, ameshapita. Yule Marealle aliyesimikwa 1952! Mimi huwa namjibu amepita asubuhi, amekuulizia. Anafurahi siku nzima.

#35 Jicho la Rombo
Kumbe Meku na wewe unakaa na wazee! Si ulisema shamba?

#36 Meku Asilia
Huyo ni baba mdogo. Shamba lake limepakana na langu, hakuna wa kunishtaki 😂

#37 Chalii wa Ngarenaro
Nesi, bibi yupo bado. Tunaweza kumpeleka kupimwa hata baada ya mwaka? Mama anasema itakuwa kazi bure, aliyefanya ameshafanya. Na mimi bado siamini kwamba ile ya masale ni bahati mbaya tu.

#38 Nesi Mstaafu
Mpelekeni. Nendeni na dawa zote anazotumia kwenye mfuko, pamoja na zile za usingizi mlizonunua duka la dawa bila cheti, maana baadhi zinazidisha kuchanganyikiwa. Aende mtu anayejua alivyokuwa kabla. Na anzeni na masikio, nta tu inaweza kuziba. Masale nakuachia wewe na jirani.

#39 Binti Sakina
Nimesoma kimyakimya tangu mwanzo. Niko Arusha, nina Jumatano mchana. Kimeru najua kidogo, Kiarusha sijui. Naanzia wapi?

#40 Mjomba wa Tengeru
Usianze kwa kubisha geti. Pita kwa mzee wa kanisa au msikiti wa mtaa wako, au afisa ustawi wa jamii wa kata, wanajua nani amefungiwa. Chagua siku moja na usiibadilishe, hata kama yeye hajui ni siku gani, wa nyumbani wanajua. Kimeru kidogo kinatosha kwa salamu. Beba maharage ya kuchambua.

#41 Mangi Duka la Jumla
Maharage ya njano yapo dukani, bei nzuri kwa wanaojitolea.

#42 Mbishi wa Njiro
Nilijua tu uzi huu una mfadhili.